Mtoto aseme nini kabla ya kwenda shule? Aina tatu za kauli chanya zikilinganishwa

Kila Januari, sare na madaftari vinapogombaniwa kwenye masoko ya Majengo na Sabasaba, wazazi wa watoto wanaoanza darasa la awali hutumiana orodha za kauli chanya kwenye makundi ya WhatsApp. "Mimi ni mwerevu. Mimi ni mshindi. Mimi ni namba moja. Naweza kila kitu." Mtoto asimame mbele ya kioo, arudie mara kumi, kisha apande basi la shule. Mimi ni mwalimu wa darasa la awali hapa Dodoma, na swali ninaloulizwa getini halibadiliki: mwalimu, haya maneno yanasaidia? Na kama yanasaidia, nimfundishe yapi?

Kujibu vizuri kunataka kuyatenganisha, maana katika orodha hizo kuna vitu tofauti vilivyowekwa pamoja kana kwamba ni kimoja. Kuna kauli ya sifa, ambayo mtoto anataja alivyo: "Mimi ni mwerevu." Kuna kauli ya juhudi, ambayo anataja atakachofanya: "Nikikwama nitamwuliza mwalimu." Na kuna ya tatu, ambayo huioni sana kwenye simu lakini mila zetu zinaijua, nami naiita majigambo ya jioni: mtoto anataja alichokwisha kufanya. "Leo nimefunga viatu mwenyewe."

Ninakoegemea naweza kusema mapema. Kwa mtoto wa miaka mitano hadi minane ningechagua kauli ya juhudi asubuhi na majigambo jioni. Kauli ya sifa nisingempa mtoto aikariri.

Kauli ya sifa

Uzuri wake uko wazi. Ni fupi, mtoto anaishika siku hiyohiyo, na nyumba iliyozoea kumwamsha mtoto kwa kelele za "utachelewa" inapata dakika moja ya maneno mema. Dakika hiyo siidharau hata kidogo. Mtindo wenyewe una zaidi ya miaka 100. Mfamasia mmoja wa Ufaransa, Émile Coué, aliyefariki mwaka 1926, aliwafundisha watu waliomwendea kurudia mara 20 asubuhi na usiku kwamba kila siku, kwa kila hali, wanazidi kuwa afadhali. Wengi wao walikuwa watu wazima, na tazama kauli yake ilivyokuwa: ilisema nazidi kuwa afadhali, haikusema mimi ni bora kuliko wote.

Mtoto wa miaka mitatu au minne kauli ya sifa haimdhuru sana, ila haimwongezei kitu. Umri huo hujiona anaweza yote. Mwulize kama anaweza kuendesha bajaji kutoka Nkuhungu mpaka Kisasa, atakwambia ndiyo, tena atakuonyesha atakavyokata kona. Watoto huanza kujipima kwa wenzao kwa uzito wanapokaribia miaka saba au minane. Kwetu huo ni umri wa darasa la kwanza na la pili, na ripoti nyingi bado zinaandika nafasi: wa 41 kati ya 76. Hapo ndipo "mimi ni namba moja" inapokutana na karatasi inayosema sivyo, na mtoto anabaki peke yake kuamua nani mwongo.

Mwaka 2009 Joanne Wood na wenzake, huko Kanada, walichapisha utafiti ambao watu walipewa kauli ya kurudia, kwamba mimi ni mtu wa kupendwa. Waliokuwa wakijithamini tangu mwanzo walijisikia vizuri kidogo. Waliokuwa wakijidharau walijisikia vibaya kuliko wenzao wa namna hiyohiyo ambao hawakurudia kitu. Hao walikuwa wanafunzi wa chuo kikuu, kwa hiyo nisingependa kuuvuta utafiti huo mpaka chekechea. Lakini jambo lenyewe hata mtoto anaweza kulipitia: ukijisemea neno usiloliamini, moyo huanza kukusanya ushahidi wa kulikataa.

Utafiti mwingine, wa mwaka 1998, unawahusu watoto wenyewe. Claudia Mueller na Carol Dweck wa Marekani waliwapa wanafunzi wa darasa la tano mafumbo, kisha wakawasifu. Baadhi waliambiwa wana akili, baadhi waliambiwa wamefanya bidii. Waliosifiwa akili walipendelea kazi ambazo zingewaonyesha wanajua. Walipoletewa mafumbo magumu walikata tamaa mapema, na wengi zaidi miongoni mwao walidanganya kuhusu alama zao walipotakiwa kuwaandikia watoto wa shule nyingine. Waliosifiwa bidii walitaka kazi za kuwafundisha kitu. Sifa yenyewe ilikuwa sentensi moja, iliyotolewa na mtu mgeni. Nikimfikiria mtoto anayejiambia "mimi ni mwerevu" kila asubuhi mwaka mzima, napata wasiwasi wa kweli, kwa sababu siku atakayokosea atakuwa hajakosea herufi tu. Atakuwa amepoteza jina alilopewa.

Mzazi kumwambia mwanawe "wewe ni wangu na nakupenda" ni jambo jingine kabisa. Hilo mtoto hahitaji kulithibitisha kwa alama, na halipungui akishika nafasi ya mwisho. Mwambie asubuhi, mwambie usiku, mwambie akiwa amevunja kikombe. Ila litoke kinywani mwako. Usimwachie yeye kazi ya kujipenda kwa niaba yako.

Kauli ya juhudi

Kwa mtoto asiyejiamini, ambaye ndiye hasa tunamtafutia maneno haya, ushahidi uko upande huu. Sander Thomaes na wenzake, nchini Uholanzi, walifanya utafiti uliochapishwa mwaka 2019 kwa watoto 212 wa miaka 9 hadi 13. Watoto walifanya nusu ya mtihani wa hesabu, wakatulia kujisemea kimoyomoyo, kisha wakafanya nusu iliyobaki. Wengine walijiambia watafanya kwa kadiri ya uwezo wao wote, wengine walijiambia wao ni hodari sana kwa hesabu, na wengine hawakujisemea lolote. Waliofaidika ni wale waliokuwa hawajiamini kwenye hesabu, na ni kwa kauli ya juhudi tu. Kauli ya uhodari haikuwasogeza.

Mtu aliyelelewa na bibi hatashangaa. Bandubandu humaliza gogo. Mvumilivu hula mbivu. Kuuliza si ujinga. Methali tulizokua nazo nyingi zinasifu kitendo, mtu anakuja baadaye. Mzazi anayedhani kauli chanya ni kitu kigeni cha mtandaoni anaweza kuanza na hizohizo, akizifafanua kwa lugha ya mtoto.

Ila hapa pana kosa ambalo wazazi wengi wanaangukia. "Nitajitahidi" peke yake ni neno pana mno kwa mtoto wa miaka mitano. Hajui kujitahidi kunaanzia wapi. Kauli ya juhudi inafanya kazi ikiwa imeshika tendo na wakati wake: nikikwama nitainua mkono, nikikosea nitafuta na kuandika tena, rafiki akinisukuma nitasema "sipendi" na kumwita mwalimu. Mtoto anayeondoka nyumbani na sentensi ya namna hiyo anaondoka na kitu cha kutumia.

Chukua jambo ninalolishuhudia kila muhula. Mtoto anachanganya herufi b na d. Mwenye kauli ya sifa hutazama daftari, hutazama la mwenzake, kisha hufunika la kwake kwa mkono. Mwenye "nitajitahidi" huandika ileile iliyokosewa, kwa kukandamiza penseli zaidi. Mwenye "nikikwama nitauliza" huinua mkono. Sisemi hutokea hivyo kila mara, watoto si mashine. Lakini katika darasa lenye watoto wengi kuliko madawati, yule anayeinua mkono ndiye ninayeweza kumsaidia, kwa sababu huyo ndiye ninayejua kuwa amekwama.

Kauli ya juhudi nayo ina hatari yake, na ningependa tuizungumze kwa uzito, kwa sababu haizungumzwi vya kutosha. Inaweza kugeuka lawama. Mtoto anayeamshwa saa kumi na moja alfajiri Ihumwa au Mtumba ili awahi basi la shule ya mjini, akafika hajanywa uji, kichwa kimelala mezani kufikia saa nne, huyo hana upungufu wa juhudi. Ana usingizi na njaa. Mtoto anayekunja macho kuutazama ubao anahitaji kupimwa macho. Ukimpa mtoto wa namna hiyo kauli ya "nitajitahidi zaidi", umemfundisha kwamba jambo lililo juu ya uwezo wake ni kosa lake. Programu ya taifa ya malezi, makuzi na maendeleo ya awali ya mtoto, iliyozinduliwa mwaka 2021 kwa ajili ya watoto wa miaka 0 hadi 8, inaweka afya, lishe, malezi yenye mwitikio, ujifunzaji wa awali na ulinzi bega kwa bega. Maneno mema yanaingia kwenye malezi yenye mwitikio, yaani kumsikiliza mtoto na kumjibu. Hayawezi kukaa mahali pa lishe.

Kwa hiyo kabla ya kuchagua kauli ya juhudi, jiulize kama tendo unalomtaka mtoto alifanye liko ndani ya uwezo wake wa leo. Kuinua mkono, ndiyo. Kushika nafasi ya kwanza, hapana.

Majigambo ya jioni

Katika fasihi simulizi yetu, majigambo ni fani yenye heshima. Mtu husimama mbele ya watu na kujisifu, lakini hujisifu kwa alilotenda: vita alivyopigana, mnyama aliyemuua, shamba alilolima. Sifa inakuja baada ya kazi, na wasikilizaji wanaweza kuipima. Mpangilio huo nauona una hekima kubwa kwa mtoto mdogo, na nasikitika kwamba tumeuacha kwenye vitabu vya sekondari.

Nyumbani ni rahisi. Wakati wa chakula cha jioni kila mtu anajigamba jambo moja la siku hiyo, baba na mama nao wakiwamo. "Mimi leo nimechota maji sikumwaga." "Mimi leo nimempa mwenzangu kalamu." "Mimi leo nimeogopa kusoma mbele, lakini nimesoma." Wengine wanaitikia kwa makofi au kwa neno mlilokubaliana. Watoto wa huku wamezoea kiongozi aanzishe nao waitikie. Ndivyo nyimbo za Kigogo zinavyokwenda, na ndivyo akina mama wanavyoimba kwenye ngoma ya muheme. Mtoto aliyekulia humo hafundishwi kuitikia.

Kinachonivutia zaidi ni kwamba kauli hii haina cha kubishaniwa. Moyo wa mtoto hauwezi kuikataa, kwa kuwa jambo limetokea na mama aliliona. Na mzazi anapata habari za shule bila kuhoji. Ukimwuliza mtoto wa miaka mitano "leo umejifunza nini?" atasema hakuna. Mwambie ajigambe, ataeleza mpaka ugali upoe.

Udhaifu wake ni kwamba inamtaka mzazi awepo jioni, na wengi hatupo. Tangu serikali ihamie hapa, familia nyingi za Iyumbu, Nzuguni na Ihumwa zimekuja bila bibi wala shangazi wa kuwasaidia, wazazi wanarudi usiku, na mtu anayekaa na mtoto tangu mchana ni dada wa kazi. Basi mfundishe dada. Mweleze kwa heshima kwa nini unafanya hivyo na mwombe naye ajigambe. Kama kuna mtu ambaye kauli zake zinamjenga au kumbomoa mtoto kwa saa nyingi kuliko zako, ni huyo. Udhaifu mwingine ni siku mbaya, ambayo mtoto anasema hana la kujigamba. Usimlazimishe, wala usimtungie. Mwambie wewe ulichokiona: "Mimi nimekuona ukimsubiri mdogo wako pale njiani."

Kwa wale wasiopenda kukariri kabisa

Kuna watoto ambao ukiwaambia warudie sentensi wanafunga mdomo. Kwao kuna njia ya igizo. Katika utafiti wa mwaka 2017 uliofanywa Marekani kwa watoto 180 wa miaka minne na sita, watoto walipewa kazi ya kuchosha ya dakika 10, huku mchezo wa kuvutia ukiwa karibu nao. Walioambiwa wajifanye shujaa wanayempenda, na wajiulize kama shujaa huyo anafanya kazi kwa bidii, ndio waliodumu kwenye kazi muda mrefu zaidi. Waliojitaja kwa jina lao walifuatia, na waliotumia "mimi" wakawa wa mwisho.

Kwa mtoto wa Dodoma shujaa si lazima atoke kwenye katuni. Tangu treni ya umeme ilipoanza kufika hapa mwaka 2024, nusu ya wavulana wangu na wasichana kadhaa ni madereva wa treni. "Dereva wa treni anafanya nini akichoka katikati ya safari?" Swali hilo huwafanya wamalize kupaka rangi haraka kuliko sentensi yoyote ya kukariri.

Lugha, mahali, na suala la sala

Shule za mchepuo wa Kiingereza hupenda kauli za asubuhi kwa Kiingereza, mstarini, kwa sauti moja. Inapendeza kuisikia, na mtoto anazoea matamshi. Kama kujenga moyo ndilo lengo, irudie nyumbani kwa lugha anayochekea na kulilia. Kwa watoto wa vijiji vya Bahi na Chamwino wanaosalimiwa "mbukwa" kabla ya "hujambo", lugha hiyo ni Kigogo, na hakuna ubaya wowote.

Kioo si lazima. Njiani kwenda shule panatosha, au mlangoni wakati wa kuvaa viatu, hasa asubuhi za Juni na Julai ambazo upepo na baridi humfanya kila mtoto asitake kutoka. Sentensi moja inatosha. Orodha ya kumi hugeuka kuwa kazi ya nyumbani.

Wazazi wengine, Waislamu na Wakristo, wameniuliza kama hili linaingilia dua au sala. Sioni hivyo. Sala mtoto anamwelekea Mungu, kauli anajielekeza mwenyewe kwenye tendo. Wapo wanaomalizia sala ya asubuhi na "nisaidie leo niulize nikikwama", na kwa maoni yangu hiyo ni kauli ya juhudi iliyo bora kabisa.

Sasa umchagulie yupi nini?

Mtoto wa miaka mitatu hadi minne: igizo na nyimbo, pamoja na neno lako la upendo. Kauli za kukariri anaweza kuzingoja.

Mtoto mchangamfu wa miaka mitano hadi sita, anayejiamini: karibu kila aina itamfaa, lakini ningempa majigambo, kwa sababu humzoesha kusema la kweli kuhusu nafsi yake kabla ripoti hazijaanza kusema kwa niaba yake.

Mtoto mwoga, anayejificha nyuma ya gauni la mama getini: kauli ya juhudi yenye tendo dogo sana. "Nitamwamkia mwalimu." Akishasema shikamoo, jioni ana la kujigamba. Aina mbili hizi zikishikana hivyo, naziona zina nguvu kuliko kila moja peke yake, na ndiyo maana nimezipendekeza pamoja.

Mtoto wa darasa la kwanza au la pili anayehangaika na kusoma, kuandika na kuhesabu: kauli ya juhudi, na uiachie mbali kabisa kauli ya uwerevu. Kwanza, hata hivyo, zungumza na mwalimu wake, mpime macho na masikio, na uangalie analala saa ngapi.

Mtoto anayeongoza darasa: wazazi wake ndio wanaopenda zaidi "mimi ni namba moja", na yeye ndiye ninayemwonea huruma siku atakayokuwa wa tatu. Mpe kauli inayomtuma kwenye jambo gumu. "Leo nitajaribu lile swali ambalo silijui."

Na kuna mtoto ambaye kauli zote hizi si zake kwa sasa. Ni yule anayesema kila siku "mimi mbaya", "mimi sitakiwi", au aliyekuwa mchangamfu akanyamaza ghafla, akaanza kukojoa kitandani, akaogopa mtu fulani au njia fulani. Mara nyingi maneno ya aina hiyo mtoto hayatungi, huyasikia kwa mtu, au hutoka kwenye jambo analofanyiwa. Kumwambia arudie "mimi ni mzuri" ni kumziba mdomo wakati anajaribu kusema. Kaa naye, sikiliza bila kumkatiza, usimwahidi kwamba hutamwambia yeyote. Mwone mwalimu wake au afisa ustawi wa jamii wa kata yenu, na kama unahisi kuna anayemuumiza, piga 116, namba ya huduma kwa mtoto. Kupiga ni bure.